Chumba cha Muhumba

Ingekuwa mwanamke, ningejua la kufanya. Ningeingia bila hodi, ningemvuta kitenge mbele ya majirani, ningerudi kwetu Kadutu nguo zimechanika lakini kichwa kiko juu, na wamama wa kanisa wangenipikia wiki nzima. Mambo hayo yana njia yake, tumeyaona kwa wengine. Lakini nilichokiona kupitia dirisha la ile nyumba ndogo ya Muhumba, mvua ikinipiga mgongoni, hakikuwa na njia yoyote niliyoijua. Bwana yangu, pasta Télesphore, alikuwa ameketi peke yake juu ya mkeka, mgongo ukutani, viatu amevipanga vizuri karibu na mlango, Biblia imefungwa mapajani. Alikuwa amelala.

Nilisimama pale mpaka maji yakaingia ndani ya viatu vyangu. Nilitafuta kwa macho kikombe cha pili, kitambaa cha kichwa, alama yoyote ya mtu mwingine. Niliona ukuta mweupe, meza tupu, na upande wa pili wa nyumba ziwa lililofunikwa na mvua. Nikajiambia, Eulalie, ondoka kabla hajafumbua macho. Nikapanda mpaka barabarani, nikatafuta moto, pikipiki ya abiria, nikarudi nyumbani, nikapika samaki wadogo wa sambaza kama siku zote. Alipoingia jioni aliniuliza kama mvua ilinikuta njiani. Nilimjibu kwamba siku hiyo mvua haikumchagua mtu, nikamwekea chakula.

Ili mtu anielewe, lazima kwanza aelewe nyumba yetu. Kanisa letu liko juu, kwenye mlima wa Kadutu, na nyumba ya pasta imegandana na kanisa, ukuta kwa ukuta. Katika kanisa hilo kuna neno moja ambalo halisemwi, nalo ni kwamba pasta hana nafasi. Hakuna aliyeliandika mahali. Tuliikuta desturi, tukaivaa. Pasta aliye nyumbani anapokea. Kama anakula, anapokea akila. Kama ana homa, wanaingia mpaka kitandani. Na mke wa pasta anayethubutu kumwambia mtu arudi kesho, huyo jina lake limekwisha kuharibika kabla ya giza, watasema anawanyima watu mtumishi wa Mungu, anamtumia kwa faida yake.

Basi tangu asubuhi walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya uani. Huyu ana mgonjwa, huyu binti yake amepata mimba na ukoo wa kijana unakana, huyu anataka pasta aende kumwomba mwenye nyumba asimtupie vyombo nje. Tangu vita iliposhuka mjini na benki kufunga milango walizidi, maana hapakuwa tena na mahali pengi pa kubisha. Télesphore hakumrudisha hata mmoja. Chai yake nilikuwa naipasha moto mara nyingi mpaka inakuwa chungu. Alikuwa anaweza kufungisha ndoa asubuhi, kuzika saa nane, na jioni kukaa na kamati ya ujenzi ikibishana juu ya mabati. Na mimi nilijivuna naye, kwa nini nifiche? Watu walisema papa wetu, ndivyo wanavyomwita baba pasta, hachoki, nami nilipita sokoni kama mke wa gavana.

Lakini mimi nilimjua Télesphore wa zamani. Tulipooana alikuwa anafundisha Biblia kule Luvungi, kwenye uwanda wa Ruzizi, na kabla jua halijatoka alikuwa anatoka nje kusali akitembea. Nilikuwa naisikia sauti yake kitandani. Inapita dirishani, inakwenda mpaka kwenye mashamba ya mpunga, inarudi, inapita tena. Wakati mwingine alinyamaza muda mrefu, nami nilijua bado anasali, nikageuka upande wa pili nikalala tena vizuri. Hiyo sauti ilikoma hapa Bukavu. Sijui siku gani. Kitu kama hicho hakikomi kwa kelele; siku moja unakumbuka kwamba umekuwa ukilala vibaya muda mrefu.

Kisha kukatokea yale maziko. Aliyekufa alikuwa fundi viatu, mtu mpole, aliyeshona nusu ya viatu vya Kadutu. Asubuhi ya siku hiyohiyo Télesphore alikuwa ametoka kubariki nyumba ya mfanyabiashara mmoja, akaja makaburini mbio, jasho bado halijakauka. Walipokwisha kushusha sanduku, akafumba macho, akanyoosha mkono juu ya shimo, akasali kwa ile sauti yake nzito:

"Ee Bwana, bariki nyumba hii mpya. Wabariki wote watakaoingia humu, uwape amani, uwaongezee."

Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Nyuma yangu mama mmoja alisema kwamba leo papa amehubiri mbali sana. Mimi niliinua kichwa. Naye alikuwa amefumbua macho, mkono wake ungali hewani, na tukaangaliana juu ya lile shimo. Tulikuwa wawili tu tuliojua kilichotokea.

Jioni hakula. Alipoondoka mtu wa mwisho, Télesphore alibaki ameketi kwenye kiti chake akiangalia mikono yake. Nilimwambia amechoka tu, kila mtu anaweza kuchanganya. Akatikisa kichwa.

"Mudomo yangu inajua njia yenyewe sasa," akasema. "Mimi siko tena ndani, Eulalie."

Muda mfupi baada ya siku hiyo akaanza kutoka. Baada ya chakula cha mchana anachukua koti, anaiacha simu juu ya kabati, anasema narudi, amekwenda. Anarudi jua limekwisha kulala upande wa ziwa. Watu wa kwenye mabenchi walikuwa wananiuliza papa yuko wapi, nami nikajibu sijui, na ilikuwa kweli tupu. Hilo ndilo lililoniuma. Mwanzoni walinionea huruma. Baadaye wakaanza kuniangalia kwa ile namna ya kuangalia mwanamke ambaye mambo yake yanajulikana kila mahali isipokuwa kwake.

Aliyenizibua masikio ni Mapendo, kiongozi wa kwaya. Kaka yake anaendesha moto, na alikuwa amembeba papa mara kadhaa mpaka Muhumba, kule Ibanda, kwenye zile nyumba zenye mageti karibu na maji. Mapendo alikuwa anasuka kikapu cha maneno taratibu ili nisianguke ghafla. Alisema papa habishi hodi kule. Papa ana ufunguo wake mwenyewe. Akaniachia nimalizie mwenyewe. Katika mji wetu, mwanaume anayekwenda mahali pamoja kila mchana, bila simu, na ufunguo mfukoni, hakuna anayeuliza swali la pili. Wanasema tu ana deuxième bureau, ana mke wa pembeni, na maongezi yanahamia kwenye kumtafuta ni nani.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye lile dirisha.

Sikumwambia nilichokiona, na nitasema wazi kwamba haukuwa wema. Nilikuwa na hasira kuliko kama ningemkuta na mwanamke. Mtu anawaacha wajane kwenye benchi aende kulala? Mimi ndiye niliyebaki nao. Mimi ndiye niliyewapa maji, niliyewabembelezea watoto, niliyesikiliza mwanzo wa kila shida bila kuwa na uwezo wa kuimaliza. Mimi pia nilikuwa nimechoka, na mimi nani alinipa chumba chenye ziwa? Mara nyingi nilikuwa na maneno hayo mdomoni, tayari kabisa. Halafu naukumbuka uso wake pale ukutani, nayo yananirudia tumboni. Ulikuwa uso wa Luvungi. Nilikuwa sijauona kwa miaka.

Wazee wa kanisa walituita Jumapili moja, baada ya ibada, watu walipokwisha kutawanyika. Aliyeongoza kikao ni papa Emile, mkubwa wao, aliyewahi kuwa mkuu wa ofisi serikalini na ambaye bado anapenda kila jambo liwe na mwanzo na mwisho. Sitaki mtu amchukie. Mama yangu alipozidiwa wakati wa mvua kubwa, papa Emile ndiye aliyembeba mgongoni kuteremka zile njia za utelezi mpaka gari lilipo. Alilipenda kanisa lile kama mtoto wake, na aliongea nasi siku hiyo kwa masikitiko, macho chini.

Alisema hakuna anayemshitaki pasta. Wanauliza tu swali moja, anakwenda wapi. Télesphore alisimama, mikono nyuma, akasema mbele ya Mungu kwamba hakuna mwanamke yeyote. Yanayobaki, akawaomba wamwachie. Papa Emile akasema kwamba kwa mtu mwingine ingewezekana, lakini mchungaji hana kitu cha kuficha kwa kondoo. Wakimwachia hili, kesho vijana wote watakuwa na funguo mifukoni. Wazee wengine wakaguna kukubali. Ndipo papa Emile akanigeukia mimi.

Nilijua ninachoshikilia. Sentensi moja tu, na tungerudi nyumbani, jina limesafishwa, nyumba ni yetu, mkate ni wetu. Lakini niliwajua pia watu wetu. Ningesema kuna chumba Muhumba ambamo papa anajifungia na Mungu, na kabla ya katikati ya wiki wangekuwa wamejaa kwenye geti, kila mmoja na mgonjwa wake, maana maombi ya mahali pa siri watu wanayaamini zaidi. Huyu bwana angerudi kwenye chai ile chungu, na siku moja angezika mtu mwingine kwa maneno ya harusi. Na zaidi ya hayo, ningesemaje kwamba anakwenda kusali? Mimi nilimwona amelala.

"Maman pasta," papa Emile akaniuliza, "unajua kwenye papa anaendaka?"

"Najua."

Télesphore aligeuka akaniangalia kama mtu aliyesikia jina lake gizani.

"Kuko mwanamuke kule?"

"Hakuna. Nilifika, niliona na macho yangu."

"Basi utuambie, tuende ku nyumba. Neno iishe."

"Hiyo neno ni yake, papa Emile. Mimi sitaisema."

Walitutoa nje wakaongea. Waliporudi kutuita, uamuzi ulikuwa umekwisha. Mume na mke wanaofichiana si mashahidi, walisema. Télesphore atakaa chini, hatahubiri wala kuzika wala kubariki, mpaka siku atakayokuwa tayari kueleza. Msaidizi wake, pasta David, atashika kazi. Nyumba tutabaki nayo kwa sasa. Nilisikia vizuri hilo "kwa sasa".

Hatukuingia nyumbani. Télesphore aliipita njia ya nyumba, akashuka kuelekea sokoni, nami nikamfuata, tukapita katikati ya wamama waliokuwa wanafunika nyanya zao na maturubai. Tulikwenda mpaka njia ikawa nyembamba, ikabidi mmoja atangulie. Akasimama kunipisha.

"Ulifikaka siku gani?"

"Siku ya mvua."

"Na haukubisha?"

"Ulikuwa umefunga macho."

Akaangalia pembeni. "Nilikuwa nalala, Eulalie."

"Najua. Ulikuwa unakoroma."

Akacheka. Akaegemea ukuta wa mtu akacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka, na waliopita walituona mume na mke waliotoka kuvuliwa kazi wanacheka njiani kama walevi. Kicheko kilipokwisha, machozi yake hayakwisha. Ndipo akanieleza. Nyumba ni ya maman Rosalie, mjane wa kanisa letu aliyehamia Kinshasa kwa kazi. Alimwachia pasta ufunguo wa kile chumba cha uani, kilichokuwa cha marehemu bwana yake, akamwambia akitumie kupumzika. Baada ya yale maziko akaukumbuka ule ufunguo. Siku ya kwanza alipiga magoti, akangoja, hakupata neno. Akalala. Akaamka, akajaribu tena, akalala tena. Siku zote zilikuwa hivyo.

"Sasa ningewaambia wazee nini?" akasema. "Kama naendaka kusali? Na sijasali hata siku moja?"

Nilimuuliza kwa nini alinificha hata mimi. Akasema watu wangeniuliza kila siku, na mimi sijui kudanganya, usoni inaonekana. Alitaka nikisema sijui, iwe kweli. Sikujua nimpige kofi au nimbebe. Kumbe ule mwiba wote ulionichoma ni yeye aliyedhani ananilinda nao. Nilimwambia kwamba ni mjinga wa kwanza katika Bukavu yote, na kwamba kesho tunakwenda wote.

Uani pakanyamaza. Watu sasa walikwenda kwa pasta David, na baadhi walipita mbele yetu wakiangalia mahali pengine. Mwanzoni nilimshukuru Mungu. Nilikunywa chai ya moto nimekaa. Halafu ukimya ukaanza kunikaba. Nilikuwa nasikia maharage yakichemka jikoni, nikajikuta nawatamani hata wale wasumbufu, yule mzee anayerudia shida ileile kila Jumanne. Na kila mtu mgeni aliyesimama njiani kuuliza, nilidhani ametumwa kutuambia tuhame.

Tulikuwa tunakwenda Muhumba mchana, yeye ukuta wake, mimi wangu. Siku za kwanza tulilala wote wawili. Ndiyo, mimi pia, na nilikuwa nimemhukumu. Usingizi ule ulikuwa na deni la miaka. Ulipokwisha, tukabaki tumekaa macho, hatuna la kufanya, na hapo ndipo palikuwa pagumu kweli. Niligundua kwamba mimi, mama pasta, ninayeongoza maombi ya wamama kila Ijumaa, sijui kukaa mbele ya Mungu bila kumwambia afanye kitu.

Halafu mchana mmoja nikasikia sauti yake. Ilikuwa chini, nikadhani anaota. Alikuwa anataja watu. Mjane wa fundi viatu. Yule binti mwenye mimba, na kijana aliyekana. Mzee wa Jumanne. Mapendo, na kaka yake wa moto. Hakuwaombea chochote, alitaja tu jina, akanyamaza, akataja lingine, polepole, kama mtu anayewaingiza kuku wake bandani jioni. Akafika kwa papa Emile, akakaa hapo muda mrefu. Niliposikia jina hilo nilitaka kumkataza. Badala yake nililia, nikaanza kutaja wa kwangu. Usiku wa siku hiyo nililala kama nilivyokuwa nalala Luvungi.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini maman Rosalie alikuja likizo.

Alifika bila kutangaza, akaenda kufungua nyumba yake, akatukuta. Hatukumsikia. Jumapili akaja kanisani, akamwona pasta David madhabahuni na sisi kwenye benchi la nyuma, akawauliza wamama, nao wakamweleza kwa furaha yote. Hakungoja. Saa ya ushuhuda ilipofika alisimama akaenda mbele, akasema ufunguo ni wa kwake, chumba ni cha kwake, na yeye mwenyewe amemkuta papa na maman wamekaa chini wanasali, akarudi kinyumenyume ili asiwasumbue.

Kanisa lililipuka. Vigelegele, ngoma, watu wanaparamia mabenchi kutufikia. Papa Emile alikuja mbele yetu, akapiga magoti kwa shida, akaomba msamaha kwa sauti, analia kama mtoto, na Télesphore akamwinua kwa mikono miwili. Wazee walimrudishia kazi palepale. Nami nilicheza, jamani, nilicheza kama bibi harusi, aibu yote ikinitoka miguuni. Katikati ya kucheza nikamwangalia bwana yangu. Alikuwa amesimama kati ya watu waliomshika mabega, anawaangalia mmoja mmoja, na niliona kwamba anaogopa. Nikaacha kucheza.

Siku mbili baadaye tuliposhuka kwenye moto kule Muhumba walikuwa wameketi kando ya ukuta wa maman Rosalie, kuanzia getini mpaka kwenye kona. Wengine walikuwa wametoka Kadutu kwa miguu. Kulikuwa na mama aliyebeba mtoto mwenye homa, kulikuwa na chupa za maji za kubariki, kulikuwa na watu wa makanisa mengine ambao sijawahi kuwaona. Walipomwona wakasimama. Télesphore alikuwa ameshika ufunguo. Akaurudisha mfukoni, akaketi kwenye nyasi, akaanza na yule mwenye mtoto. Aliwapokea wote, mpaka jua likaegemea ziwa.

Kesho yake alimrudishia maman Rosalie ufunguo. Yule mama alilia, masikini. Alitaka kusaidia tu.

Télesphore hakulalamika. Alisema tu, "Basi, imeisha," akavua viatu. Mimi ndiye niliyekesha na hasira, naitafutia mtu wa kuibeba. Wale watu? Mtoto alikuwa na homa ya kweli. Maman Rosalie? Alisema ukweli. Nilizunguka mpaka nikafika kwetu wawili. Tulikuwa tumeyaficha maombi namna watu wanavyoficha uzinzi, kwa mlango wa mbali na simu iliyoachwa nyumbani, basi watu nao wakayafumania vilevile. Kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama mbele ya kanisa lile akasema kwa mdomo wake kwamba pasta anasali. Tulidhani watakataa. Hatukuwahi kuwauliza.

Mchana uliofuata, baada ya chakula, mkono wake ulilifuata koti kwa mazoea, kisha akaliacha. Uani mabenchi yalikuwa yamejaa tena, wanaongea, watoto wanalia. Nilimwambia aingie chumbani kwetu.

"Watu wako inje," akasema.

"Nimewaona. Ingia."

Aliniangalia, akaelewa, akataka kunikatalia kwa ajili yangu, maana alijua ni nani atakayelipia. Nikamsukuma kifuani kwa kiganja, akaingia, nikashusha pazia nyuma yake. Nikachukua kiti nikakiweka mbele ya pazia, nikakaa.

Wa kwanza alikuwa papa Emile. Ilibidi awe yeye. Alikuja anahema kwa mlima, kofia kichwani, uso umejaa habari. Kulikuwa na kilio upande wa juu, koo mbili zinagombania mahali pa kuzika, na walikuwa wanamngoja pasta atoe neno. Maongezi kwenye mabenchi yakapungua.

"Papa iko?"

"Iko."

"Uniitie ye, maman. Ni ya haraka."

Nilifikiria kile kikao, nikafikiria nyumba, nikafikiria jina langu sokoni kesho asubuhi.

"Anasali, papa Emile," nikasema. "Akimaliza atatoka."

Mtu mmoja kwenye benchi alifyonya. Papa Emile aliangalia pazia, akaniangalia mimi, akaangalia pazia tena. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti yoyote. Huenda Télesphore alikuwa amelala; hata hivyo nisingemwamsha. Papa Emile akageuka, akatafuta nafasi kwenye benchi, wakasogea, akakaa kati ya mama mwenye mtoto na mzee wa Jumanne. Yule mzee akaanza kumweleza shida yake. Papa Emile akamwekea mkono gotini amnyamazishe.

Kisha akavua kofia.